Siku za Kuchelewa

3 Machi

Mwanangu,

Habari za huko, na kazi ya kubeba saruji? Mgongo umepata nafuu? Sisi wazima, ila nyumba inatuponyoka. Unajua kesi ya jirani kudai nyumba yetu iliamuliwa bila mimi kusikilizwa. Sasa wakili wetu wa rufaa amekuta ndani ya jalada karatasi ya wito wa mahakama yenye jina langu na sahihi ya kupokea. Mimi sikuwahi kuiona. Anataka tuiongeze kama sababu mpya ya rufaa, lakini muda umepita. Lazima tuombe muda wa ziada na kueleza kila siku tuliyochelewa. Tukikataliwa, tunahama. Mwaka kesi ilipofunguliwa ulikuwa bado nyumbani. Unamkumbuka mtu yeyote aliyeleta karatasi?

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Msimamizi ametuongezea lori la tatu, jioni hata kijiko kinanishinda kushika. Kuhusu karatasi, nitajaribu kukumbuka. Msalimie Mama.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kimezidi, au unaumwa? Wakili ameandika kwamba tarishi wa mahakama alighushi sahihi yangu. Yule mzee anayechechemea, wa baiskeli. Amesimamishwa kazi. Jana tulipishana njiani akanisalimu, nikampa mgongo. Katikati ya Juni nakwenda kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakuwahi. Usiape. Karatasi niliipokea mimi.

Ulikuwa kazini. Nilikuwa nawachanganyia mafundi udongo wa ukuta, yule mzee akaingia, akauliza mwenye nyumba ni nani. Alinitazama mimi, akaniita bwana mkubwa. Wale mafundi siku nzima walikuwa wakiniita Koleo. Kichwa kikanivimba. Nikasema ni mimi, nikaandika jina lako kwenye nakala yake, akaniachia nyingine. Nikasimama nikijifanya naisoma, na yale maneno hata nusu sikuyaelewa. Niliiweka kwenye begi nikuonyeshe ukirudi. Uliporudi nikaogopa utaniuliza kwa nini nimesaini kwa jina lako. Wiki iliyofuata nikasafiri nayo. Uliponiandikia kwamba umeshindwa kesi, ndipo nikaelewa, na bado nikanyamaza.

Hizo siku mnazotafutia sababu, Baba, sababu ni mimi.

Nimekwenda kwa wakili wa hapa, nimekula kiapo. Alinionya naweza kushtakiwa. Nikamwambia apige muhuri. Kiapo kimo humu, na ile karatasi.

Sina uso wa kukuomba lolote.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Tumepokea. Nilikaa na barua yako siku nne kabla ya kumwonyesha mama yako. Aliisoma, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Jaji ametupa siku kumi na nne za kuweka sababu mpya, kwamba wito haukunifikia. Rufaa yenyewe bado. Kiapo chako kilisomwa kwa sauti, neno kwa neno, hata pale pa kichwa kuvimba. Majirani walikuwepo, na wapo waliocheka. Tarishi alikaa benchi la nyuma. Nilimfuata nje nikamwomba radhi. Akasema sawa, akapanda baiskeli yake. Sijui kama watamrudisha kazini.

Kabla ya kutoa uamuzi, jaji aliniuliza: "Huyu aliyejiita wewe, unamfahamu?"

Nilitamani kusema hapana. Sikufichi, neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mtoto wangu, mheshimiwa."

Baba yako