Baba Alipotupa Sauti

Umoja, Nairobi

Kwa kaka yangu Wandera,

Ninaandika nikitumaini kuwa mnaendelea salama huko Eldoret, wewe na wifi, na kwamba kile kikohozi chako cha msimu wa baridi kimekuacha. Huku nyumbani Mama ni mzima, na goti lake limetulia. Kuhusu Baba sitakujibu haraka, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo kwa muda mrefu, wala chuo kikuu hakikunipa namna ya kulijibu. Ukimficha mtu unayempenda jambo litakalomvunja moyo, unamhifadhi yeye au unajihifadhi wewe? Nimewahi kulijibu kwa njia zote mbili, na kila mara nilijiona nimepata.

Unaijua desturi ya bendi yetu. Kabla ya wimbo wa kwanza wote hunyamaza, kisha mmoja husema, "Mzee Patro, tupe sauti." Baba hupiga uzi mmoja wa gitaa lake, nasi tunalinganisha ala zetu na uzi huo. Vile vidude vya kupimia sauti hakuvitaka kamwe. Alisema sauti haitiwi betri. Kadar, mpiga besi wetu, alikuwa akimtania kwamba siku Mzee akishikwa na mafua, bendi nzima itapiga chafya.

Mwaka jana sauti hiyo ilianza kushuka. Mimi nilitangulia kuitambua, kwa maana kinanda changu hakilegei kama nyuzi. Ukitaka kukishusha sharti ubonyeze kitufe. Nikabonyeza. Kadar akaniona, naye akalegeza besi yake. Wiki baada ya wiki tulimfuata Baba alikokwenda. Waliokuja kula nyama choma kwenye baa ya mtaa wa Fedha Jumapili mchana walisikia bendi iliyopatana, naye alishuka jukwaani akitabasamu. Sitadai kuwa ilikuwa huruma tupu. Baa nyingi zilikuwa zimetuacha na kuchukua madijei, na bila jina la Mzee Patro nani angetuita?

Kisha ikaja harusi moja hapa Umoja. Familia ya bibi harusi ilitaka saksafoni, tukamwalika Maingi, mpigaji wa Kayole ambaye hakuwa anatujua. Saksafoni haiwezi kushuka hadi tulikokuwa tumefika. Tulipokuwa tukijaribu vyombo, aliitoa mdomoni akasema, "Mzee, hiyo gita yako iko chini. Chini sana, buda." Baba akacheka, akamwambia kuwa basi sisi wote tuko chini na yeye peke yake yuko mbinguni, atusalimie malaika. Watu wakaangua kicheko. Maingi hakucheka. Alisema aulizwe "huyu msichana wako wa kinanda." Baba akanigeukia.

Nilikirudisha kinanda kwenye sauti yake ya kweli, nikabonyeza. Baba akapiga uzi wake, akasikiliza, akasema kinanda kimeharibika. Nikamjibu kwamba kinanda ni kizima. Akauliza tangu lini, nami nikamwambia. Akatutazama mmoja mmoja. Kadar akainamia viatu vyake. Ndipo Baba akasema, "Kumbe mmekuwa mkinicheza."

Unajua neno hilo lina maana gani mitaani kwetu: kumcheza mtu ni kumlaghai. Lakini alilitamka akiwa na gitaa mikononi, na hadi leo sijui kama alilalamikia ulaghai wetu, au alimaanisha kuwa badala ya kucheza nyimbo tulikuwa tukimcheza yeye, tukifuata kuharibika kwake kama watu wanaofuata noti. Maana hiyo ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, ingawa huenda nimeibuni mwenyewe. Aliliweka gitaa kwenye mfuko wake, akaketi katikati ya wageni, akatupigia makofi kila wimbo ulipokwisha. Daktari amesema miaka ya kusimama mbele ya spika imeua mishipa ya masikio, na kilichopotea hakitarudi. Gitaa hajaligusa tena.

Sasa nikueleze nisilomwambia hata Mama. Jumapili iliyopita tulirudi Fedha bila Baba. Kukawa kimya, kisha Kadar akanitazama mimi, akasema, "Haya, Phelister, toa sauti basi." Nikatoa. Kaka, bendi ililia vizuri kuliko wakati wowote mwaka huu mzima. Watu waliacha nyama zao mezani wakainuka kucheza. Nami nilifurahi, tena sana. Niliporudi, Baba aliniuliza mambo yalikwendaje. Nikamwinamia sikio la kulia, ambalo lina nafuu, nikamwambia haikupendeza, watu walikuwa wakimuulizia yeye. Uso wake ukakunjuka, akaomba chakula.

Basi swali langu limebaki pale pale. Sidhani nitalijibu, kwa sababu katika kila nililomficha kulikuwa na faida yangu, na hata katika ule ukweli wa harusini sina hakika kama nilimheshimu au nilikuwa tu nimechoka kubonyeza kitufe.

Liko jingine linalokuhusu. Ulipompigia simu, nami nikikusikia kwenye spika, kumweleza kuwa mtoto wenu mmempa jina lake, Patrobas, alikujibu, "Sawa sawa, Mungu ni mwema." Hakuwa amesikia. Ulipokata aliniuliza ulikuwa unataka nini, nami nikasema ulikuwa unamsalimu tu, kwa kuwa habari hiyo ni yako kuitoa. Njoo, uketi upande wake wa kulia, umwambie. Haya yote ningeweza kukueleza kwa simu nikiwa hapa sebuleni, yeye akiwa kwenye kiti chake mbele yangu, na asingesikia hata neno. Nilishindwa kumfanyia hivyo, ndiyo maana nimeandika.

Mama anawasalimu, na anasema mkija mje na mursik, yale maziwa ya mgando ya huko kwenu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Phelister