Neno Nililolisikia Nusu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wote wa hapo nyumbani, na kwamba lile goti lako limeacha ukorofi. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na leo sijambo kuliko siku nyingi zilizopita. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ni miezi kumi na moja tangu binti yako, mwanetu, aolewe, na tangu hapo mimi na wewe hatujasemezana hata neno. Nakuandikia nikueleze kwa nini sikuja harusini, na nikuombe radhi, maana kosa lilikuwa langu.

Alhamisi iliyopita bosi wetu wa kiwanda cha sare alitupeleka mafundi wote kwenye jumba kubwa la sanaa, eti tukaone mavazi ya zamani yaliyochorwa tujifunze kitu. Jumba lenyewe, dada, unatembea mpaka unasahau ulikoingilia. Mlangoni kila mtu alipewa kidude cha kuning'iniza shingoni, chenye kisikilizio cha sikio moja. Ukifika kwenye picha unabonyeza namba yake, na sauti inakueleza unachokitazama. Nikakipachika sikio la kulia, kama nifanyavyo na simu, nikajiona msomi.

Lakini kila picha sauti ilikuja ikikatikakatika. Nikasema moyoni, ndiyo bahati yangu, nimepewa kibovu. Kwenye mlango wa chumba chenye picha namba ishirini na saba nikabonyeza, nikasikia wazi kabisa: usije. Basi nikasimama palepale. Wenzangu wakawa wanaingia, nami nawavuta nguo nikiwaambia tumekatazwa. Mlinzi wa chumba, mama mmoja mnene mpole, akaniuliza nani katukataza, nikamwonyesha kidude. Alikitia sikioni mwake, akasikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipachika mimi sikio la kushoto, akabonyeza tena. Kumbe sauti ilikuwa ikisema usije ukapita picha hii bila kutazama mikono ya huyu mwanamke.

Dada, hapo hapo nikaikumbuka simu yako. Nilikaa kwenye benchi, na huyo mwanamke na mikono yake mpaka leo sijui wakoje.

Unakumbuka wiki ile ya harusi. Tulikuwa tumebishana juu ya gauni nililomshonea mwanetu, wewe ukitaka mikono mirefu, mimi mifupi. Nilishona mirefu ulivyotaka, nikalituma kwa dereva, lakini kinyongo kilikuwa bado kimenikaa. Siku mbili kabla ya harusi ukanipigia nikiwa kazini. Simu niliibana kwa bega la kulia huku cherehani inanguruma, na katika yote uliyosema nikasikia neno moja tu: usije. Hukunibandika jina la Kibiriti bure. Nilikata simu hapo hapo, na ulipopiga tena sikupokea. Nikasema gauni limependwa, fundi hatakiwi. Nikawatangazia na watu hivyo, Mungu anisamehe.

Nilipotoka kwenye lile jumba nilimpigia shemeji, safari hii kwa sikio la kushoto, nikamwomba asikwambie kwanza. Yeye alikuwa kando yako siku ile. Alisema uliniambia nisije nikachelewa, kwa kuwa bibi harusi hakutaka mtu mwingine amfunge vifungo vya mgongoni ila mama yake mdogo. Nililia barabarani mchana kweupe, halafu nikacheka, na watu wakawa wananipisha njia.

Sikio hili la kulia, dada, nililijua kuwa halisikii vizuri tangu mwaka juzi. Nilificha kwa kuogopa ugonjwa mbaya, na kwa kuogopa kuachishwa kazi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi kilinifichua hadharani. Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa masikio. Akanihakikishia kwamba hakuna ugonjwa mbaya; ni kelele za mashine za miaka ishirini, sikio la kushoto ni zima, na la kulia litatafutiwa kifaa cha kulisaidia. Bosi naye hakunifukuza, amenihamishia meza ya kukata vitambaa. Hujui mzigo ulionishuka. Nimelala fofofo siku tatu mfululizo.

Limebaki moja, ambalo hata shemeji sikumwambia. Nilikuja. Asubuhi ya harusi nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la mizigo, na nguo zangu za kazi, nione tu gauni likishuka garini. Nikamwona mwanetu, na kifungo cha juu kabisa mgongoni kikiwa wazi. Halafu nikakuona wewe. Watu wote walikuwa wameshaingia, umebaki peke yako kwenye ngazi, unatazama barabara huku na huku. Nikadhani unahakikisha kwamba sijaja, nikageuka nikaenda zangu. Kumbe ulikuwa unaningoja mimi. Nisamehe, dada yangu.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja. Kama hutaki, tafadhali usinipigie simu. Niandikie nisome kwa macho yangu. Msalimie sana shemeji kwa kunitunzia siri, na mwanetu na mumewe. Na ile mikono mirefu, dada, ilimpendeza kweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kibiriti