Jina la Ugonjwa Nimeliandika

Mke mwenzangu Somoe,

Salamu sikupi. Mjukuu gani anaondoka mbele ya bibi yake, tena bila kuaga? Nimekasirika, na nitakuandikia na hasira zangu hivyohivyo, kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, ukizicheka eti zimelala kama mihogo iliyopigwa na upepo.

Sikiliza habari za huku Mahurunga. Arobaini yako ilipokaribia nilisema sitaki ubani wa kuchinjia mbuzi. Watu wale pilau, wajifute mikono waondoke, halafu mtoto mwingine alie na mifupa kama ulivyolia wewe? Nikaandika barua kwa ndugu wote, wa Mtawanya, wa Ufukoni, hata walio ng'ambo ya Ruvuma: kila mtu ubani wake akipe kile kikundi cha mjini kinachosaidia wenye selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, kilichokuwa kikikuletea dawa na kukulipia nauli ya kliniki. Chai na mihogo nitapika mimi, na hitma tutasoma.

Mjomba wako Bakari akaja mbio na pikipiki. Unamjua mwanangu yule: tangu apate sauti kwenye ukoo, hata kikohozi chake anataka kiitikiwe. "Mama, kuomba omba, lakini jina la ugonjwa lifute. Andika aliugua tu. Wadogo zake hawa nani atawaoa?"

Aibu ya nini? Kwani uliiba? Ungeiba kuku, wangetaja mpaka rangi ya kuku. Miaka yote tukisema "homa," tukisema "kachezewa," na wewe umelala unauma meno. Mama yako bado hajapata sauti ya kusema, basi nasema mimi.

Sikufuta. Nikamwambia mdogo wako Zuhura aipige picha barua, aitume kwenye kundi la familia. Kimya. Kundi lile mtu akiota jipu wote wanapiga kelele, siku hiyo kimya! Mwisho binamu yangu Mwanahawa wa Ufukoni akaandika kwamba nimewavua nguo. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Mwanahawa, hizo nguo mlikuwa nazo?"

Lakini nisikufiche. Waliokuja kumposa Zuhura wamerudi nyuma kwa sababu ya barua ile. Nikamfuata yule mtoto nimwombe msamaha, mimi! Yeye anamenya muhogo wake. "Bibi, kama wamekimbia karatasi, siku nikizaa mtoto mgonjwa si wangekimbia na mlango?" Kesho yake akaenda mjini kupima damu. Anasema mchumba yeyote atakayekuja naye atapima kwanza.

Bakari aliyasikia hayo. Siku ya arobaini alikuja na ubani wake, akampa yule mama wa kikundi mbele ya watu, uso kaugeuzia ukutani. "Wa selimundu," akasema. Nikamwambia sijasikia. Akarudia. Nikasema masikio yangu ya kizee. Akapaza sauti mpaka waliokaa uani wakageuka.

Wengine hawakuja. Pilau wakapike kwao.

Maumivu yalipokuwa yakikukamata nilikuwa nakukanda kwa maji moto, nawe unaniambia, "Bibi, msengenye mtu nicheke." Nami nasengenya kijiji kizima, naanzia kwa imamu. Sasa maneno yamenijaa kinywani sina pa kuyamwaga. Mwanahawa huyu peke yake tungemla wiki nzima. Somoe. Jamani, Somoe.

Haya. Ule mkorosho niliokupandia ulipozaliwa si wa Bakari wala wa mtu mwingine. Kila msimu korosho zake zitakwenda kwa wagonjwa wale. Nikiwa hai nitaziokota mwenyewe; nikifa, Zuhura. Atakayezigusa nitamtokea usingizini, na unajua nikianza kusema sikomi.

Na huko uliko na babu yako, mume wetu, usijione umenishinda kwa kuwa unaye peke yako. Nitakuja kudai zamu yangu. Ila si sasa hivi, nina barua nyingine ya kuandika, ya wale waliokaa kimya. Mungu akulaze pasipo maumivu, mke mwenzangu. Mwambie mzee asinisubiri.

Bibi yako,
mwenye herufi zilizolala