Mraba Wako Kwenye Blanketi la Baba

Mama,

Nyumba imetulia sasa. Watu waliotuletea mikeka na masufuria wamekuja kuvichukua, na arobaini yako imepita. Baba ni mzima. Anakula akikumbushwa. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo linaloniudhi. Watu wa hapa Old Kampala wananikagua machoni wakitafuta machozi, hawayapati, wanasema "bambi", yaani maskini, na kunishika bega. Nawashukuru, nawamiminia chai. Sijui moyo wangu umejificha wapi.

Nakuandikia kwa sababu ya blanketi.

Unalijua kuliko mimi, lakini acha niliseme lote, maana kulisema kunanipa kazi. Ulikuwa unamshonea Baba blanketi la viraka kwa ajili ya magoti yake, yaliyoharibiwa na baridi za doria enzi za upolisi. Mraba mmoja kwa kila mtu wa nyumba hii. Katikati ya mraba unaweka kipande cha nguo ya mtu huyo, halafu unakizungushia mishipi ya kitambaa, mmoja baada ya mwingine, ya rangi nyepesi upande huu na ya rangi nzito upande ule, mpaka mraba unajaa. "Katikati anakaa mwenyewe," ulikuwa ukisema. Baba ni shati lake la kazi, lile la khaki. Kaka Musa ni kanzu yake ya harusi, ambayo tumbo lilishaikataa. Mimi ni sketi ya shule, ile ya bluu niliyoichukia. Wote tumo. Wewe tu ndiye hukuwemo. Kila nilipokuuliza ulinijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Mimi nguo yangu bado navaa."

Ukafa ukiwa unazivaa zote.

Mama mdogo Halima ndiye aliyezigawa siku ya arobaini. Alizikunja vizuri, akawapa majirani, akawapa wanawake wa msikitini, na hakuna aliyegombana, ungefurahi. Nilimwomba aniachie moja, lile gauni la kitenge la majani ya kijani lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nilimwambia ni kwa ajili ya mraba wako. Hakuna aliyekuwa amelifua. Kwenye kola ulikuwepo wewe: udi, vitunguu, na ile dawa ya kuchua uliyokuwa ukijipaka shingoni. Nilinusa, nikalikunja, nikaliweka. Nilijua nina kitu.

Jumamosi niliamua kushona. Mama, sikiliza nilichofanya.

Nilijaza beseni maji ya vuguvugu. Nikatia chumvi kidogo ili rangi ishike, nikatia sabuni, nikalitumbukiza gauni lako nikaanza kufua. Ndivyo ulivyonifundisha. Hakuna kitambaa kinachoguswa na mkasi kabla hakijafuliwa, kwa sababu kitenge cha soko la Kikuubo kinaweza kuchuja na kuwachafua wenzake, na kingine kinasinyaa baadaye na kuuvuta mraba mzima. "Fua kwanza!" Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa siwezi hata kuingiza uzi kwenye sindano. Basi nikafua kwanza. Nilifua vizuri sana. Kola nilirudia kuisugua. Nikasuuza mpaka maji yakatoka masafi, nikalianika uani, na nilipobana kibanio cha mwisho ndipo nikafahamu.

Nikalishusha likiwa bado linachuruzika nikaweka uso kwenye kola. Sabuni. Nikajaribu kwapani, nikajaribu hata mfukoni. Sabuni. Nilikuwa nimekufua ukatoka wote.

Nikadhani sasa nitalia. Nilisimama pale mikono imelowa, nikisubiri. Jirani akapita na ndoo yake akanisalimia habari za asubuhi, nikamjibu nzuri.

Lilipokauka nililipiga pasi, nikakata. Nilikata sehemu ya mapajani, pale ulipokuwa ukilaza kazi yako, ambapo majani ya kijani yalikuwa yamefifia. Mishipi niliitoa kwenye kapu lako la mabaki. Nilishona, nikaugeuza mraba, nikashona, nikaugeuza tena. Kila mshono niliulaza upande wa rangi nzito na kuukandamiza kwa ukucha kabla ya pasi. Kuna mahali nilizungusha kushoto badala ya kulia, mshipi mweupe ukaenda kukaa upande wa mieusi. Nikakusikia kabisa: "Fumua. Nani anakufukuza?" Nikafumua. Ukatoka mraba ulionyooka, hauna tofauti na ile uliyoshona wewe, na hilo halikunifurahisha. Nilitaka angalau ionekane kwamba mkono si wako.

Nafasi uliyojiachia ilikuwa kwenye kona. Nikauunganisha hapo, nikaweka shuka la zamani kwa chini, nikapiga pindo. Jioni nilimtandikia Baba, nikaelekeza kona yako kichwani, karibu na mto, nikiona hiyo ndiyo heshima. Nilimweleza pia kwamba nilikuwa nimelifua gauni kabla ya kukata. Nilitaka anigombeze. Alilipapasa blanketi, akasema ahsante mwanangu, akaniuliza kama geti limefungwa.

Asubuhi nilipoingia kutandika nilikuta amelizungusha. Kona yako ilikuwa miguuni, imechomekwa chini ya godoro.

Hasira ilinipanda. Ni kitu cha kwanza kunipanda tangu uondoke, na kilipanda chote kwa pamoja. Nilimwuliza Baba, kwa sauti ambayo hujawahi kunisikia nayo, iweje mtu amweke Mama miguuni, nyumba nzima hii amekosa mahali pengine pa kumweka? Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakunikaripia.

"Mama yako alikuwa naleta miguu yake baridi kwa mimi," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kipolisi. "Kila siku. Mimi nalalamika, yeye nacheka, naleta tu. Sasa wewe naweka yeye kwa kichwa. Kwa kichwa atafanya nini? Wacha yeye hapo chini."

Sikujua, Mama. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kila kitu chako kilichobaki kilikuwa kwenye ile kola, na kwamba nimekimwaga uani mimi mwenyewe. Kumbe miaka yote niliyokaa nyumba moja na wewe sikujua hata kwamba miguu yako ina baridi. Niliketi kwenye kitanda chenu nikaishika ile kona, nikalia. Sikulia kama wanavyolia watu. Kidogo tu, lakini yalikuwa machozi ya kweli. Baba alinisubiri nimalize, kisha akaomba chai.

Basi nakuaga, Mama. Mungu akupokee vizuri, akupe joto huko ulipo. Kitanda cha Baba nitakitandika mimi kila asubuhi, na nakuahidi sitakosea upande tena. Kichwani ataweka mto wake. Wewe utakuwa chini, umeigusa miguu yake, na yeye analalamika.

Mwanao,
Safina