Fundo la Baba

Mdogo wangu Amani,

Salamu za huku milimani zikufikie. Mama anaendeleaje na goti lake? Mto Mulongwe umetulia, au bado mnapandisha magodoro juu ya meza kila mvua inapotishia? Mimi mwili mzima, ila roho inauma, na simu zangu hupokei. Ndiyo maana naandika.

Ulipokuja kunitembelea hapa hifadhini nilifurahi kupita kiasi. Nilikuombea ruhusa, nikakupandisha hadi kwenye mianzi ambako wageni hawafiki, nikakuonyesha njia wanayopita gorila ninaowafuata kila siku. Ulipomwona yule mama amebeba mtoto mgongoni ulinishika mkono, ukaniita unavyomwita mkubwa wako: "Yaya, kumbe kazi yako iko muzuri vile!" Kisha ukaniaga kwamba unarudi Uvira. Kumbe ulibaki siku tatu kijijini huku chini. Nimeambiwa sasa.

Wiki iliyopita tulimkuta yule mtoto wa gorila amenaswa mkono kwa waya wa breki ya baiskeli. Mkono tuliuokoa, vidole viwili vimekufa. Waya ulikuwa umeshikizwa kwenye mti kwa kamba. Nikainama kuifungua. Mizunguko miwili, ncha imerudishwa chini. Fundo la Baba, Amani, lile alilotufundisha kule Lemera la kufungia mbuzi, ambalo mbuzi akivuta linazidi kukaza.

Mkubwa wangu wa kazi aliniona nimeganda.

"Hii fundo iko ya nani?"

"Minye sijue, chef," nikajibu.

Akanitupia kipande cha kamba. "Basi funga vile unafungaka mbuzi, nione."

Mdomo ulikuwa umedanganya kwa ajili yako, mikono ikashindwa. Ilifunga fundo lile lile, ilivyozoea tangu utoto.

Wamenivua sare. Wanaamini mtego ni wangu, na Jumatatu wataamua kama nifukuzwe. Jina lako sijalitaja. Lakini Baba alitufundisha sisi wawili tu, na wewe unajua mimi sikufunga. Umenisaliti. Ungesema una njaa ya nyama, ningekutafutia hata kwa kukopa. Wewe ukachukua njia niliyokuonyesha kwa upendo ukaitegea waya.

Nisalimie shangazi yetu muuza samaki wadogo wa ndagala, na mwalimu wa kwaya, mwambie sauti yangu bado ipo.

Mama atakuomba umsomee barua hii, kama unavyomsomea zote. Msomee, usiruke mstari. Akiuliza ni nani basi aliyefunga, mjibu mwenyewe.

Yaya wako,
Espoir