Bahasha Iliyorudi Markelo

Markelo, Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu Evert,

Barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Lieke, na goti lake liwe limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Kanisani wanakusalimu wote, hata wale ambao siku ya mazishi walijifanya hawakukuona.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoniambia siku ile pale mlangoni, ulipokataa kahawa na mkate. Ulisema baba alimwalika hata mwuza mayai kwenye siku yake ya kutimiza miaka themanini, lakini mwanawe wa kumzaa hakumwona. Nikakujibu kwamba ni kompyuta, jina lako refu liliichanganya. Ukacheka kile kicheko chako kibaya, ukaniambia nisimtetee maiti. Ukaondoka, na tangu hapo hupokei simu yangu.

Sasa nisikilize. Mwezi wa nane nilikaa na baba jikoni tuandike orodha ya wageni. Unajua kazi hiyo ni yangu. Miaka ishirini nimekuwa katibu wa kwaya, na hakuna wa kunifundisha kupanga kwenye jedwali la kompyuta watu ambao majina yao yanaanza na ter au van den. Vile vijineno vya mbele navitia kwenye safu yake, jina lenyewe kwenye safu yake, mtu akitafutwa anapatikana kwenye herufi yake. Tukafika arobaini na wawili. Baba akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu, kisha akasema nimwandike na yule wa Dordrecht, yaani wewe. Akasema niandike jina lake lote, kama anavyojiita mwenyewe, mke mbele na sisi nyuma, asisikie limekatwa hata kipande.

Nilishtuka, Evert. Huyu ndiye aliyekuambia kwamba mwanamume anayetanguliza jina la mkewe aende akale kwa mkewe. Nikamuuliza kwa nini asikupigie simu. Akasema, "Nikipiga atanikatia. Barua haikatiki. Wewe mtie tu humo na wengine." Hivyo ndivyo alivyokuwa, kukuandikia peke yako asingeweza, ila kukuchanganya na mwuza mayai aliweza.

Basi nikakuandika: Evert van den Oever-ter Steege. Jina lako lina vijineno mahali pawili, van den na ter, na safu yangu ilikuwa ya kimoja. Nilipoiambia mashine igawe majina, lako likamwagika upande wa kulia. Nusu ya jina ikakalia mahali pa mtaa, mtaa ukakalia mahali pa mji, na namba ya nyumba ikapotea. Bahasha zilitoka arobaini na tatu, nikazitia posta bila kuzikagua. Mpaka hapo ni kosa la kazi, na ningeweza kuliungama mbele ya kwaya nzima.

Ila bahasha yako ilirudi. Ilirudi baada ya siku tisa, na muhuri mwekundu wa anwani isiyojulikana. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili. Kuandika upya ni dakika mbili. Nikaitia kwenye droo ya taulo za jikoni, nikaenda kumenya viazi.

Utaniuliza kwa nini. Miaka kumi na moja nimemfulia soksi baba yule, nimemkata kucha, nimemwamsha na kumlaza, na shukrani ya punda ni mateke. Nilipoachana na mume wangu Harmen nikarudia jina la ter Steege, hakuna aliyeniambia karibu. Baba aliniita "wewe". Halafu wiki ile ile nikamkuta kwenye banda la baiskeli, peke yake, akijifunza kutamka jina lako. Van den Oever, ter Steege. Alikuwa akirudia polepole ili asikwame mbele ya wageni utakapoingia. Evert, nilikuonea wivu.

Siku yenyewe tulipanga viti duara kama kawaida. Wageni wakanipa mkono mmoja mmoja, wakinipongeza kwa kuwa na baba wa miaka themanini, nami nikashukuru. Kiti cha kulia kwake alikiwekea kofia yake. Shangazi Willemien alipotaka kukikalia, akamwambia kina mwenyewe. Aliniuliza mara mbili kama umejibu. Nikamwambia hakuna jibu, baba. Halikuwa neno la uongo, na ndilo linaloniua. Keki ilipokwisha akaichukua kofia, akaivaa humo humo ndani, akasema, "Ana haki yake." Hakukutaja tena mpaka Februari tulipomzika.

Kwa hiyo baba hakukukataa. Alikufa akiamini kwamba wewe ndiye uliyemkataa, na mimi ndiye niliyemjulisha hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Kompyuta haikufanya lolote ambalo nisingeweza kulirekebisha.

Jana nilikuwa nafungasha nguo zake, ndipo nikapata moyo wa kuifungua ile bahasha. Mialiko yote aliitia sahihi mwenyewe kabla sijaikunja, na sikuwahi kuangalia. Kwenye wako ameongeza maneno kwa penseli. Ameandika: "Evert, usipokuja sitakulaumu. Ukaidi huo nilikufundisha mimi."

Nimeutia humu. Ni wako, na ulikuwa wako tangu mwezi wa nane.

Msalimie sana wifi Lieke, umwombe radhi kwa niaba yangu kabla hujanipa ya kwako. Kaburi lipo safu ya tatu kutoka kwenye ua. Jiwe bado halijachongwa, nimewaambia wachongaji wangoje neno lako.

Ni mimi dada yako,
Jenneke