Mama, Redio Yako Haizimwi

Mama yangu mpendwa, huko uliko,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba, pale ulipokuwa ukipetea mchele, kwa sababu ndani hakukaliki. Redio yako inapiga kelele tangu jua lichomoze, na baba amekaa mbele yake kimya, mikono magotini. Nimechoka, mama. Nimekuja hapa nyumbani Mkula kufanya kazi ya chuo, na kazi yenyewe inanishinda kwa sababu yenu nyinyi wawili.

Ulinicheka nilipokuambia nakwenda kusomea habari. Ukasema, "Wenzako wanasomea udaktari, wewe unakwenda kusomea redio? Redio si unaiwasha tu?" Basi inasomewa, mama. Muhula huu tunasoma wasikilizaji na watazamaji: ni akina nani, wanapenda nini, na nani analipia hayo yote. Mkufunzi wetu, mama mmoja mkali asiyependa porojo, ametufundisha kwamba kituo cha redio hakiuzi vipindi, kinauza masikio yetu kwa wenye biashara. Kisha akatutuma kila mtu achague nyumba moja, akae nayo, arudi aeleze msikilizaji wa nyumba ile ni nani. Wenzangu wamepata kazi nyepesi. Yupo aliyekwenda kwa dada yake Ifakara, nyumba nzima inaangalia tamthilia, wanalia pamoja, wanagombea rimoti, kazi imekwisha. Mimi nikajifanya mjuaji, nikasema nakwenda kwa baba. Laiti ningejua.

Msikilizaji ninayemjua mimi ni wewe. Msimu wa mpunga tulipohamia shamba, uliifunga redio kwenye nguzo ya dungu, kile kibanda chetu cha juu cha kulindia, sauti mpaka mwisho, itusaidie kuamia ndege wasile mpunga. Muziki uliukataa. Ulisema ndege wanauzoea upesi, lakini wanaume wanaobishana mpira hawazoeleki. Kwa hiyo mchana kutwa tulishinda na wachambuzi wa mpira, wewe ambaye hukujua hata timu ipi inavaa rangi gani. Mkufunzi angekuandika mpenzi mkubwa wa michezo!

Na saa ya salamu ilipofika, ole wake mtoto wa kuongea. Mtangazaji akisema, "Hamjambo wasikilizaji," wewe unaitika, "Hatujambo baba, sijui wewe." Akisoma jina lako, unainuka na kupiga vigelegele katikati ya mpunga, utadhani ujumbe ule hukuutuma mwenyewe. Nilikupenda sana ukiwa hivyo. Hata tuliporudi nyumbani sauti hukuipunguza, eti uisikie ukiwa jikoni.

Sasa sikia ninachokikuta. Kituo chako cha Ifakara kimebadilika. Kipindi cha salamu wamekiondoa, maana wenye matangazo wanataka vijana, na vijana hawana habari ya kuwasalimia "wote wanaonifahamu". Siku nzima ni muziki wa kurukaruka, na katikati matangazo ya kubeti. Na anayekaa navyo ni nani? Mume wako! Mzee ambaye ukimtajia disko anasonya. Kijana wa redioni anamwambia, "Oya wanangu, mnaipataje hiyo?" naye ametulia kama yuko kanisani. Betri ya sola ikiisha, redio inanyamaza yenyewe. Jua likipanda, inaanza tena yenyewe. Baba haigusi.

Mama Sabina wa jirani ameacha kuja kumjulia hali, kwa sababu akipiga hodi hasikiki. Lakini anayeumia ni mimi. Tangu tukuzike, baba hajakaa na mimi tukaongea. Ninapika, anakula, anasema asante, anarudi kwenye kiti chake. Nilitaka aniongeleshe, mama. Hata anigombeze. Hii kazi ya chuo ilikuwa kisingizio tu.

Leo asubuhi nikavuta kigoda, nikamuuliza kama nilivyofundishwa.

"Baba, unapenda kipindi gani?"

"Eeh?"

"Kipindi! Unapenda kipi?"

"Sipendi hata kimoja. Makelele matupu hayo."

Hasira zikanipanda. "Sasa kama hupendi si uzime? Au punguza basi, tuongee!" Nikanyoosha mkono nipunguze mwenyewe.

Mama, baba hajawahi kunipiga tangu nizaliwe. Leo aliudaka mkono wangu kwa nguvu mpaka nikaogopa.

"Usiguse hapo, Felista! Hapo aliwasha mama yako."

Nikaurudisha mkono wangu.

"Siku ile tunampeleka hospitali nilitaka kuizima," akasema kwa sauti ya juu ili nimsikie. "Akakataa. Akasema, 'Iacheni iongee, mwizi ajue kuna watu.' Tukaondoka. Hakurudi. Mimi sijaigusa."

Unaijua redio yako. Swichi ile ya kuzungusha ndiyo ya kuwashia na ndiyo ya sauti. Ukipunguza umeizungusha, na ukiizungusha umeitoa pale ulipoiacha wewe. Kwa hiyo mzee wa watu anavumilia muziki asioupenda na matangazo yasiyomhusu, ili tu swichi ibaki ilipo.

Nilikasirika, na niliyemkasirikia ni wewe. Mtu anakwenda hospitali, anawaza wezi! Wezi waibe nini, madebe? Ungesema tuzime, tungezima, na leo tungekuwa tunaongea kama watu wengine.

Tuliongea lakini. Kwa kupayuka, kama watu walio ng'ambo mbili za mto, na nina hakika Mama Sabina alisikia kila neno. Baba aliniambia kwamba kwenye gari ulimwegemea begani, na mpaka mnaingia Ifakara ulikuwa unamuuliza kama Felista amekula. Hilo hakuwahi kuniambia. Akalia, nami nikalia, na yule kijana wa redioni akawa anatutakia wikiendi njema.

Sasa nimwambie nini mkufunzi? Kituo kinaamini nyumba hii ni yao, siku nzima, na kwa hesabu zao wako sawa kabisa. Nikisema redio inawaka na hakuna anayeisikiliza, ataniambia sikufanya kazi. Nimeandika kwamba msikilizaji wa nyumba hii ni wewe. Akinifelisha, anifelishe.

Keshokutwa ninarudi chuoni, na baba ninamwacha na makelele yake. Inaniuma, maana najua nikifunga mlango tu ataacha kuongea. Kumlazimisha azime siwezi tena. Mchana nimeifuta vumbi redio yako. Nimefuta juu, nimefuta ubavuni, swichi nimeiruka.

Ulale salama, mama, kama kelele hizi hazifiki huko.

Ni mimi kitindamimba wako, sauti imenikauka,
Felista